Moto wa Njia Panda

Mwaka wa 1937 watoto wa shule za msingi nchini Ayalandi walipewa kazi ya nyumbani ambayo natamani mtu angenipa mimi nikiwa darasa la sita. Haikuwa hesabu, wala kukariri mito na milima. Mtoto aliambiwa aende nyumbani, amuulize mama, babu au jirani mzee, halafu arudi aandike alichoambiwa. Mada zilikuwa nyingi: visima vitakatifu, dawa za kienyeji, dhoruba kubwa ambazo wazee bado walizikumbuka, mashujaa wa kijiji. Mada moja ilihusu karakana ya mhunzi wa hapo karibu. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikeshe na simu mkononi mpaka bando likaisha.

Kazi hiyo ilisimamiwa na Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka wa 1935, ikisaidiwa na wizara ya elimu na walimu wenyewe. Watoto walisamehewa insha zao za kawaida ili wapate muda wa kuuliza na kuandika. Hadi zoezi lilipofungwa mwaka wa 1939, shule zipatazo 5,000 zilikuwa zimeshiriki, na kurasa zilizokusanywa ni takriban 740,000. Siku hizi zinahifadhiwa katika University College Dublin, na unaweza kuzisoma mtandaoni bila malipo, kwa mwandiko wa watoto wenyewe.

Ukisoma za wahunzi kwa wingi, unaanza kuona mtindo. Mtoto anaanza kwa kuhesabu: parokia yetu ina karakana mbili, zamani zilikuwa zaidi. Anamtaja mhunzi, kisha baba yake mhunzi, kisha babu yake, maana kazi hii ilirithiwa. Anaeleza kama paa ni la nyasi au la vigae. Anaorodhesha vifaa: mvukuto wa ngozi wa kupulizia moto, fuawe iliyokaa juu ya gogo, nyundo, koleo, birika la maji ya kupozea chuma. Halafu, karibu na mwisho, kama jambo la kawaida tu, anaandika kwamba maji hayo yanatibu chunjua.

Hapo ndipo niliposimama. Maji machafu ya kupozea chuma yamekuwaje dawa?

Nilidhani nitapata jibu la haraka. Badala yake nilijikuta nasoma historia ya nchi nzima kupitia mlango mmoja wenye masizi.

Tuanze na farasi. Kijiji cha Ayalandi cha karne ya 19 kilitembea kwa miguu ya farasi na punda. Farasi ndiye aliyevuta plau, ndiye aliyepeleka maziwa kwenye kiwanda cha siagi, na ndiye aliyevuta gari la jeneza. Kwato zake hukua kama kucha zetu, lakini kwenye barabara ya mawe zinaisha haraka kuliko zinavyokua. Ndiyo maana akavalishwa chuma. Farasi asiye na viatu alikuwa kama bodaboda isiyo na matairi: unayo, lakini huendi popote.

Mhunzi alikuwa anang'oa kiatu cha zamani, anapunguza kwato kwa kisu na tupa, kisha anapasha kiatu kipya motoni na kukibandika kwenye kwato kikingali moto ili aone kama kimekaa sawa. Moshi unatoka, harufu ya ukucha ulioungua inajaa chumba. Farasi haumii, kwa sababu sehemu ile ya nje ya kwato haina hisia. Kisha inakuja misumari, saba au minane hivi, kila mmoja unapigwa kwa mshazari ili ncha yake itokee nje. Msumari ukiingia ndani kidogo kuliko inavyotakiwa, mnyama anachechemea na mkulima amekwama msimu wa kulima.

Kazi iliyovuta watazamaji ilikuwa ya kuvalisha gurudumu la mkokoteni. Seremala alileta gurudumu la mbao. Mhunzi alipima mzingo wake, akakunja pete ya chuma iliyo ndogo kidogo kuliko gurudumu lenyewe, akaunganisha ncha zake kwa moto na nyundo. Nje ya karakana nyingi kulikuwa na jiwe bapa la duara lenye tundu katikati, ambapo kitovu cha gurudumu kiliingia ili lilale sawasawa. Pete ilipangiwa moto wa mboji, ule udongo wa kinamasi ambao Waayalandi huukata, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Chuma kikipata joto hupanuka. Wanaume wawili watatu waliinyanyua pete kwa koleo, wakaishusha juu ya gurudumu, mbao zikaanza kuwaka, na papo hapo maji yakamwagwa. Chuma kikasinyaa na kukaza kila kiungo cha gurudumu. Hakuna gundi.

Mbali na hayo alitengeneza sepetu za kukatia mboji, minyororo, bawaba za malango, ndoano za kuning'iniza chungu jikoni, na akanoa majembe ya plau. Chukua nyumba yoyote ya shambani, toa kila kitu kilichopita kwenye fuawe, uone kitakachobaki. Hata chakula hakitaiva.

Na kazi hizi zote zina jambo moja: lazima usubiri. Karakana nyingi zilijengwa kwenye njia panda, karibu na maji, na kila mtu alipitia hapo. Siku za mvua, ambazo Ayalandi si haba, shamba halilimiki, kwa hivyo ndiyo siku ya kuleta farasi. Moto upo, paa lipo, stori zipo. Nani anauza ng'ombe, binti wa nani anaenda Marekani, mwenye shamba amepandisha kodi kiasi gani. Gazeti likifika, anayejua kusoma anawasomea wengine. Malipo nayo hayakuwa pesa kila mara. Wengine walilipa kwa viazi, wengine kwa mboji, wengine kwa siku moja ya kazi kwenye kipande cha shamba cha mhunzi.

Sasa turudi kwa yale maji.

Heshima ya mhunzi Ayalandi ni ya zamani kuliko viatu vya farasi vya kijijini. Sheria za kale za nchi hiyo, zilizoandikwa karne ya 7 na ya 8, zilimpangia kila mtu thamani ya heshima yake, yaani fidia anayostahili akidhalilishwa. Mhunzi aliwekwa daraja moja na daktari. Katika hadithi za kale yuko Goibniu, mungu mhunzi aliyefua silaha za miungu wenzake na pia kuwaandalia karamu ya pombe. Yuko Brigit, ambaye maandishi ya zamani yanasema walikuwa dada watatu wa jina moja: mmoja wa washairi, mmoja wa tiba, mmoja wa wahunzi. Halafu yuko Culann. Mvulana aitwaye Setanta alimuua mbwa wa mhunzi huyu, akajitolea kulinda nyumba yake mpaka apatikane mbwa mwingine, na tangu siku hiyo akaitwa Cú Chulainn, mbwa wa Culann. Shujaa mkubwa kuliko wote katika hadithi za Ayalandi anajulikana kwa jina la mhunzi.

Ukristo ulipoingia haukuifuta hofu iliyokuwa ndani ya heshima hiyo. Sala moja ya kale inayohusishwa na Mtakatifu Patrick inaomba kinga dhidi ya uchawi wa wanawake, wa wahunzi na wa makuhani wa dini ya zamani. Hata katika karne ya 20 wazee waliwasimulia wajukuu kwamba mhunzi akikasirishwa anaweza kuigeuza fuawe yake huku akimlaani mtu, na mtu huyo asione mazuri tena. Mkono uleule ulioweza kulaani uliweza kuponya. Kumbe maji ya birika ni mabaki ya imani hiyo. Mtu anayechukua jiwe jekundu kutoka ardhini, akalitia motoni, akatoka na kisu, hawezi kuwa mtu wa kawaida. Na maji yaliyomeza moto wake nayo hayawezi kuwa maji tu.

Kwa Kiayalandi mhunzi ni gabha, na karakana yake ni ceárta. Mac Gabhann ni mwana wa mhunzi. Chini ya utawala wa Waingereza, familia nyingi za jina hilo, hasa katika kaunti ya Cavan, zililitafsiri likawa Smith. Wengine wakabaki McGowan. Kwa hivyo ukikutana na Smith kutoka Cavan, usikimbilie kusema babu zake walitoka Uingereza.

Lakini kuna bei ya kuwa mtu ambaye kila mtu anakuhitaji. Bei hiyo ilidaiwa mara mbili kwa namna ambayo bado inanisumbua.

Mara ya kwanza ni 1798. Chama cha Waayalandi Walioungana kilianzishwa Belfast mwaka wa 1791, kikataka Wakatoliki na Waprotestanti wasimame pamoja na nchi ijitawale. Bunduki zilikuwa chache, lakini mikuki ilipatikana. Kichwa cha mkuki hufuliwa kwenye moto uleule unaofua jembe, kisha kinafungwa kwenye mti mrefu ulionyooka. Vichwa vingine viliwekewa ndoano ya kukatia hatamu za farasi wa wanajeshi. Hakuhitajika kiwanda, alihitajika mhunzi mmoja anayefanya kazi usiku.

Serikali nayo ilijua hivyo. Askari walipotumwa mashambani kutafuta silaha, kuanzia 1797, walijua pa kuanzia: mkuki hauoti, lazima uwe umepita kwenye fuawe ya mtu fulani. Wahunzi wakakamatwa, wakachapwa viboko ili wataje waliowaagizia, na karakana zikachomwa. Hebu fikiria hali yake. Jirani anakuja usiku na chuma na kukuomba umfulie. Ukikataa, wewe ni msaliti, na kesho hao hao ndio wateja wako. Ukikubali, askari wakija mgongo utakaochanika ni wako. Maasi yalilipuka Mei 1798, na huko Wexford waasi maelfu kwa maelfu walipigwa kwa mizinga kwenye kilima cha Vinegar Hill tarehe 21 Juni. Mikuki yao mingi ilikuwa kazi ya watu ambao hatutawahi kujua majina yao, kwa sababu usalama wao wote ulitegemea kutojulikana.

Mara ya pili ni 1880, na hapa wengi wetu tunalijua neno bila kujua hadithi yake. Neno la Kiingereza la kususia, boycott, ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa ardhi ya Lord Erne karibu na ziwa Lough Mask, kaunti ya Mayo. Mavuno yalikuwa mabaya na wapangaji wakaomba wapunguziwe kodi. Wakapewa punguzo dogo kuliko waliloomba, kisha hati za kufukuzwa zikafuata. Siku chache kabla, mwanasiasa Charles Stewart Parnell alikuwa amewahimiza watu huko Ennis wasimpige yeyote atakayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa, bali wamtenge kabisa. Watu wa Lough Mask wakamtenga Boycott. Vibarua wakaondoka. Madukani hahudumiwi.

Oktoba mwaka huo Boycott aliandika barua kwa gazeti la The Times la London akilalamika. Katika orodha ya masaibu yake yumo mhunzi. Anaeleza kwamba mhunzi alipata barua ya kumtishia kifo iwapo atamfanyia kazi tena, na mwanamke aliyemfulia nguo aliamriwa aache.

Habari ikawa kubwa. Watu kama 50 waliletwa kutoka Cavan na Monaghan kumvunia mazao, wakilindwa na wanajeshi na polisi karibu 1,000. Inakadiriwa mazao ya pauni 500 yalivunwa kwa gharama ya pauni 10,000. Kabla mwaka haujaisha Boycott alikuwa ameondoka Ayalandi, na jina lake likawa kitenzi.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa wanyonge, na kweli ulikuwa ushindi. Ila mimi nimebaki na yule mhunzi. Bila yeye kususia kusingekamilika, kwa sababu farasi wa Boycott wangeendelea kuvalishwa viatu na plau kuendelea kunolewa. Ndiyo maana yeye hakuachiwa aamue mwenyewe. Huenda angesusia kwa hiari, huenda hata alikuwa mstari wa mbele. Barua ya Boycott inatuonyesha tu kwamba kuna mtu aliyeona afadhali amtishe kuliko kumuuliza.

Kuna hadithi nyingine ambayo wazee waliwasimulia watoto, na hii si nzuri. Inasema kwamba Yesu alipotaka kusulubiwa, mhunzi aliombwa afue misumari akakataa. Aliyekubali alikuwa fundi wa mabati, na ndiyo sababu yeye na uzao wake wamelaaniwa kutangatanga. Fundi huyo wa hadithi anawakilisha Wasafiri wa Ayalandi, jamii ya kuhamahama ambayo kwa vizazi vingi iliishi kwa kutengeneza na kuziba vyombo vya bati. Mafundi wa aina mbili, wote wanashika nyundo. Mmoja ana paa kwenye njia panda, anaheshimiwa. Mwingine analala kando ya barabara, anapewa lawama ya msalaba. Ubaguzi dhidi ya Wasafiri ulikuwa wa kweli na ni wa kweli hadi leo. Dola la Ayalandi lilikuja kuwatambua kama kabila tarehe 1 Machi 2017. Nikisoma hadithi ya misumari, naona jinsi kijiji kilivyoweza kumpenda fundi wake na bado kikatafuta fundi wa kumchukia.

Basi ni nini kiliuzima moto?

Jina lake unalijua. Harry Ferguson alizaliwa mwaka wa 1884 kwenye shamba huko County Down, kaskazini mwa Ayalandi. Ni yeye aliyebuni namna ya kuunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta, ili viwili hivyo vifanye kazi kama mashine moja. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka wa 1946, na kufikia 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya nusu milioni. Kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka wa 1953. Ndiyo hiyo Massey Ferguson, lile trekta jekundu ambalo kila mtu aliyekulia mashambani Kenya amewahi kulikimbilia barabarani. Jina lililo ubavuni mwake ni la mtoto wa mkulima wa Ayalandi aliyekua wakati kijiji hakiwezi kulima bila mhunzi.

Watoto wa 1937 walikuwa tayari wanaandika kuhusu karakana zilizopungua. Vita vya pili vya dunia viliongeza muda kidogo, kwa sababu mafuta yalikuwa ya mgao na farasi akarudi kazini. Vita vilipoisha, trekta likaja, mradi wa kupeleka umeme vijijini ukaanza 1946, na vyuma vikaja tayari kutoka dukani. Seamus Heaney alipochapisha shairi lake kuhusu karakana ya mhunzi mwaka wa 1969, moto mwingi ulikuwa umeshazimwa. Nyingine zikawa gereji. Nyingine zikawa nyumba za watu. Huko Enniskerry, kaunti ya Wicklow, bado unaweza kuona mlango wa mawe uliojengwa kwa umbo la kiatu cha farasi.

Uhunzi wenyewe haukufa. Ayalandi inapenda mbio za farasi, na farasi hao bado wanavaa chuma. Lakini fundi wa sasa ana gari. Anapakia fuawe na tanuru dogo la gesi, anaendesha hadi zizini, anamaliza, anaenda kwingine. Zamani farasi alimfuata mhunzi na kijiji kikamfuata farasi. Leo mhunzi anamfuata farasi, na hakuna anayesubiri pamoja na mwingine. Ujuzi upo. Kilichoondoka ni lile baraza la kungojea, ambako habari, njama na matani vilipitia.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nimezoea kuulizwa nitajifunzia wapi mambo. Labda ndiyo sababu daftari hizi zimenishika. Kwa muda mfupi, shule za nchi moja zilikiri kuna mambo hazijui, zikamtuma mtoto akamuulize mtu mwenye masizi mikononi. Wangengoja miaka 30 zaidi, wangekuta wa kuulizwa wengi wamezikwa.

Juzi nilimpigia shosho simu nikamuuliza nani alikuwa akiwafulia majembe kwao alipokuwa mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Kwani na wewe unataka kuanza uhunzi sasa?"

Nikamwambia hapana shosho, nataka tu kuandika. Akaniambia nitafute kalamu.